Mama wa Kharkiv Aliyekataa Kupumzika

Nilipomwona mara ya kwanza alikuwa amesimama kando ya barabara na binti yake, asubuhi kabla jua halijawa kali, kajifunga kitambaa cha maua kichwani na kuning'iniza mkoba mweusi begani kana kwamba naye anakwenda kazini.

Wakati huo nilikuwa Riyadh. Niliendesha basi dogo la kampuni yenye kandarasi ya kubeba wauguzi wa hospitali moja ya binafsi. Nilikuwa nikiishi mtaa wa Manfuha na Wakenya wenzangu, madereva na walinzi, katika nyumba kuukuu ambayo bomba zake zilikuwa na tabia zao wenyewe. Kila siku nilikwenda kwanza kuchukua gari katika yadi yetu kule Al-Sulay, katikati ya maghala na malori, kisha nikaanza kuzunguka mitaani kuwachukua wauguzi: Wafilipino wengi, Wahindi, Wakenya wawili, na nesi mmoja kutoka Ukraine. Huyo alikuwa mwanamke bado kijana, mpole, na tangu vita vilipoanza kwao hakuwahi kupanda gari bila simu kuwa sikioni.

Siku hiyo simu ilikuwa mfukoni.

"Huyu ni mama yangu," akaniambia. "Amefika juzi. Anaweza kupanda nasi? Akibaki peke yake nyumbani analia."

Tulizungumza Kiingereza, kila mmoja cha kwao. Kiti kilikuwepo. Nikampigia msimamizi wetu, Msudani mmoja mzee mwenye sauti ya kukwaruza, nikamweleza. Akasema kama ni mama wa nesi basi ni mama wa wote, mafi mushkila, hakuna shida, apande. Basi yule mama akapanda, akachagua kiti cha kwanza karibu na mlango, mahali ambapo mtu anaiona barabara yote. Tukawashusha wauguzi hospitalini, nami nikamrudisha hadi kwenye fleti yao. Kesho yake alikuwa pale pale kando ya barabara, na mkoba wake.

Nilianza kugundua vitu. Tukikaribia taa nyekundu, mguu wake wa kulia ulikuwa ukikanyaga sakafu. Nikifunga breki ghafla alivuta hewa kwa meno, kama mtu aliyeungua kidole. Nikiondoka kituoni kabla abiria hajakaa vizuri, nilimwona kwenye kioo akitikisa kichwa. Kusema kweli alinikera. Nimeendesha magari makubwa na madogo, Kenya na hapa, na sikuwa nimewahi kusahihishwa na abiria asiyejua hata kuniambia habari ya asubuhi.

Nikamuuliza binti yake, "Mama ana shida gani na gari langu?"

Nesi akacheka, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka. "Mama ni dereva. Maisha yake yote ameendesha tramu."

Sikuijua tramu. Akanieleza kwamba ni treni ya mjini ambayo reli zake zimelazwa katikati ya barabara. Hupita pamoja na magari na watu wa miguu, ikisimama kila baada ya mtaa. Mama yake alianza kazi hiyo akiwa msichana na hakuwahi kufanya nyingine. Vita vilipoingia Kharkiv, tramu zilisimama. Mama akakaa chini ya ardhi, katika kituo cha reli ya chini, na majirani zake, wamelala juu ya magodoro kwenye jukwaa la abiria. Alipotoka huko, karakana ya tramu ilikuwa imepigwa. Akapanda treni ya wakimbizi hadi Poland, na kutoka huko binti yake akamvuta hadi Riyadh kwa viza ya matembezi. Serikali ya hapa iliwaongezea Waukraine muda wa viza, kwa hiyo hakuna aliyemfukuza. Lakini viza ya matembezi haikuruhusu kazi. Kila mtu alimwambia jambo moja: mama, pumzika.

Tangu siku hiyo nilianza kufunga breki taratibu. Siku moja alipokuwa akishuka aligonga kiti changu kwa kiganja, mara mbili, kama unavyompongeza farasi.

Kiingereza chake kilikuwa cha maneno machache, nacho kilikua kadiri tulivyozunguka. Wakati huo reli mpya ya Riyadh ilikuwa bado inajengwa, na nguzo zake nene zilikuwa zimesimama kila mahali katikati ya barabara. Akaziangalia kila siku kama mtu anayeangalia nyumba ya jirani ikipanda. Siku moja akauliza, "Nani ataendesha?"

"Hakuna dereva, mama. Kompyuta."

Akaendelea kuzitazama nguzo hadi tukafika kwake. Mlango ulipofunguka ndipo akageuka. "Na mtu akikimbia kuiwahi, kompyuta itamwona?"

Nikaitazama tena nguzo iliyokuwa mbele yetu.

Kisa cha yadi nitakieleza kwa sababu hadi leo madereva wenzangu wanakisimulia. Ilikuwa Ijumaa, magari mengi yamelala, nami nilikuwa nimewapeleka nesi na mama yake sokoni. Tukapitia Al-Sulay nibadilishe gari. Yule mama alipoona yadi pana isiyo na watu, akanigusa bega. "Mimi, kidogo?" akaonyesha usukani.

Nilihofia kazi yangu. Ikama yangu, kibali cha kuishi hapa, iko chini ya kampuni, na kosa moja kama hilo linatosha kuambiwa halas, basi, nenda kwenu. Nikamwambia waziwazi kwamba siwezi bila ruhusa. Msimamizi alikuwa ofisini akinywa chai. Akatoka, akamwangalia yule mama kuanzia kitambaa hadi viatu, akauliza alikuwa akiendesha nini kwao. Nesi akamweleza. Msudani akasema, "Ndani ya yadi tu, na taratibu. Yalla."

Basi akakaa kwenye kiti changu. Akarekebisha vioo, akajinyoosha mgongo, na uso wake wote ukabadilika. Tukaona kabisa kwamba huyu alikuwa mtu wa kazi. Gari likaondoka, likaenda moja kwa moja, vizuri sana, moja kwa moja, likaendelea kwenda moja kwa moja hadi kwenye rundo la matairi makuukuu na kuliingia katikati.

Tukakimbia. Hakuumia, na gari halikuumia. Tulimkuta amelalia usukani, mabega yanatikisika, na nesi akadhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, akajipangusa na kile kitambaa, akasema maneno kwa lugha yao, na binti yake naye akaangua kicheko.

"Anasema tramu haina usukani," nesi akatueleza. "Reli ndiyo inayokata kona. Maisha yake yote hajawahi kukata kona."

Hata Msudani alicheka, akaenda kumletea chai. Na yule mama, akinywa, akanitazama na kusema, "Sasa najua. Kazi yako ngumu."

Muda si mrefu baadaye mambo yakageuka. Nesi alipandishwa cheo kidogo na kuhamishiwa tawi la hospitali huko Jeddah. Kampuni yetu nayo ilikuwa na kandarasi huko, ikahitaji dereva, nikaomba niende. Kwa hiyo nikawakuta tena, mji mwingine, joto jingine, lile la Jeddah linaloganda mwilini kama shuka mbichi.

Lakini mama niliyemkuta Jeddah hakuwa yule wa yadi. Alipanda gari bila kitambaa, nywele hazijachanwa. Mguu wake haukukanyaga tena breki. Nesi aliniambia kwa sauti ya chini kwamba dereva mwenzake wa miaka mingi, aliyebaki Kharkiv, alikuwa ameuawa na kombora akiwa kwenye foleni ya kuchukua maji. Siku zile niliendesha taratibu zaidi, nikapunguza redio, maana sikujua kingine cha kufanya.

Kilichomwamsha ni simu. Mwanamke aliyewahi kuwa kondakta wa tramu yake alikuwa Ujerumani, akampigia kumwambia mambo ambayo yule mama hakuyaamini, akamtaka ayarudie. Kwamba serikali ya kule inawalipia Waukraine masomo ya lugha. Kwamba ukisoma unapewa cha kujikimu na mahali pa kulala. Kwamba kuna ofisi ya ajira inayokaa nawe na kutafuta kazi inayofanana na ile uliyoijua, na ikibidi inakulipia mafunzo mapya. Na kwamba miji ya huko inatafuta madereva wa tramu na haiwapati.

Asubuhi iliyofuata alipanda na kitambaa chake kichwani na visikizio masikioni, akitamka maneno ya Kijerumani kwa sauti. Alikuwa amepata masomo ya bure kwenye simu. Alirudia tarakimu, siku za wiki, majina ya vyakula. Baada ya muda akafika kwenye maneno ya kazini, na hapo gari zima likaambukizwa. Wafilipino, ambao hata Jeddah ndio waliokuwa wengi garini, wanapenda kuimba; tukifika hospitalini walikuwa wakipaza sauti wote pamoja, kwa Kijerumani, "Tafadhali shukeni!" na mlinzi wa geti akawa anatushangaa.

Nesi hakuimba. Alikuwa hataki kabisa mama yake aende.

"Ana miaka hamsini na kitu," akaniambia siku moja mama alipokuwa ameteremka dukani. "Macho yake si ya zamani. Atafika kule, wampe fagio. Mimi ninamlisha, ninamvisha, hakosi kitu. Wewe anakusikiliza. Mwambie abaki."

Nilimheshimu yule binti, na nilielewa. Mtu aliyemwokoa mama yake kutoka vitani hataki kumwachia tena mkono. Kwa hiyo nikajaribu. Tulipobaki wawili nikamwambia, "Mama, hapa una mtoto wako. Kule baridi, na kuna mitihani. Kwa nini usipumzike?"

Akaondoa visikizio. Akatafuta maneno kwa muda mrefu, na nilipomtazama kwenye kioo nikaona kwamba hana hasira nami.

"Kila asubuhi," akasema, "wewe unaenda kazini. Yeye anaenda kazini. Wote ndani ya gari wanaenda kazini. Mimi ninaenda, ninarudi. Mimi ni mzigo mzuri. Mnanibeba vizuri. Lakini mzigo."

Sikurudia tena kumshauri. Nami nilikuwa mbali na kwetu, lakini kila nilipoingia katika gari lile kulikuwa na watu waliokuwa wakinisubiri niwafikishe. Yeye aliwafikisha watu wa mji mzima, kisha siku moja akakosa hata mmoja.

Sijui mama na binti walisemezana nini nyumbani. Ninachojua ni kwamba asubuhi moja nesi alipanda macho yamevimba, mama yake nyuma yake ametulia, na kabla ya kufunga mlango nesi akaniambia, "Mwache aende. Nilidhani ninamlinda, kumbe ninamzeesha." Kisha akaniuliza ni wapi Jeddah mtu anaweza kupata koti la baridi.

Nikawapeleka mtaa wa Sharafiya. Huko unapata karibu kila kitu: maduka ya simu, ofisi za kutuma pesa, migahawa ya bei nafuu ya kila kabila. Koti zito la kuzuia theluji, katika joto lile, lilikuwa jambo jingine. Kila muuza nguo tuliyemuuliza alitutazama kama watu walioguswa na jua. Hatimaye Myemeni mmoja akapanda ngazi, akashusha kutoka kwenye rafu ya juu koti la kijani lililojaa vumbi, refu mpaka magotini. Mama akalivaa pale pale dukani. Jasho likamtiririka, uso ukawa mwekundu, na hakukubali kulivua mpaka amejitazama kwenye kioo mbele, nyuma na pembeni.

"Dereva," akasema. Nilidhani ananiita. Alikuwa anajisema mwenyewe.

Siku ya kusafiri, wauguzi wa zamu yetu waliomba nipitie uwanja wa ndege kwanza. Alishuka na mkoba wake mweusi na lile koti mkononi. Alimkumbatia kila mmoja. Mimi alinishika mkono kwa mikono yake miwili akasema kwa Kiswahili, neno alilofundishwa na wale Wakenya wawili wa Riyadh, "Asante, mwanangu." Nesi alibaki amesimama mlangoni hata baada ya mama yake kupotea ndani, nasi tukamsubiri, na hakuna aliyemharakisha.

Yaliyofuata niliyapata kwa vipande, mengine kutoka kwa nesi, mengine kwa simu ya mama mwenyewe. Alikaa kwanza katika ukumbi wa michezo uliogeuzwa malazi, kisha akapata chumba. Nafasi ya darasani ilichelewa, akasubiri miezi, akaendelea kusoma kwa simu. Majira ya baridi, si makali kama ya kwao lakini yenye giza, yalimwelemea, akapiga simu akilia kwamba jua la kule linachungulia tu na kuondoka. Lakini nafasi ilipotoka, kila kitu kilikuwa kama kondakta wake alivyomwambia: mwalimu, vitabu, nauli ya kwenda darasani. Alisoma na wasichana wa umri wa wajukuu aliokuwa hajawapata.

Jambo lililomgusa kuliko yote lilitokea katika ofisi ya ajira. Alijiandaa kuulizwa umri. Alikuwa amejifunza namna ya kulijibu swali hilo kwa heshima. Mwanamke wa ofisi akamkaribisha kiti, akafungua mazungumzo kwa kumuuliza, "Wewe ni mtu wa kazi gani?"

"Nikamwambia dereva wa tramu," alitusimulia kwa simu, nasi tukiwa tumekaa mgahawani Sharafiya siku ya mapumziko, mimi, nesi na dada mmoja Mkenya, rafiki yangu, anayefanya kazi za nyumbani kwa familia moja ya hapo mjini. "Akaandika. Hakushangaa. Akasema, vizuri, hao tunawatafuta. Mimi nikaanza kulia. Akaniletea maji."

Simu ilipokatika, yule dada alikaa na kijiko mkononi, wali unapoa. "Serikali inakusomesha, na wewe ni mgeni?" akaniuliza. "Na ni mzee?"

"Ndivyo anavyosema."

"Mimi kwetu nilikuwa fundi cherehani. Mzuri, watu walikuwa wanatoka mbali. Tangu nitoke, hakuna aliyeniuliza. Madam anajua ninavyopiga pasi." Hakusema kwa uchungu, alisema kama mtu anayetaja mji alikozaliwa. Halafu akatabasamu. "Lakini nimefurahi huyo mama ameulizwa."

Nimefikiri sana juu ya maneno yake. Kuna watu watakaosema mbona hao wanasaidiwa na wengine hawasaidiwi, na swali hilo ni la haki, nami nimelisikia mara nyingi kati ya watu weusi wa Manfuha ambao nao wametoka kwenye vita vyao. Ila sikuona sababu ya kutosifu jambo jema kwa kuwa halijafika kwa kila mtu. Kuona serikali ikimtazama mwanamke wa makamo aliyekimbia na mkoba mmoja, na badala ya kuhesabu atakula nini, inauliza anaweza nini, kulinipa matumaini ambayo sikuwa nayo kabla.

Mtihani wa lugha aliushindwa. Akaufanya tena, akapita. Shirika la usafiri la mji lilimpokea kwa mafunzo, ofisi ile ya ajira ikasaidia gharama, na akaanza kama mwanafunzi katika kazi aliyoijua kuliko walimu wengine. Hakulalamika. Aliniambia sheria ni tofauti, milio ni tofauti, na breki za kule ni laini kama siagi, inabidi mguu ujifunze upya. Daktari wa macho alimpa miwani. Nesi aliposikia habari za miwani alicheka na kulia kwa pamoja.

Mwaka uliofuata nesi alichukua likizo kwenda kumwona. Aliporudi Jeddah tulimngoja kwa hamu, na gari lilipojaa hakuna aliyefungua simu. Akakaa kile kiti cha kwanza karibu na mlango, akageuka kutukabili.

Alisema hakumwambia mama yake siku ya kufika. Aliteremka kwenye ndege, akauliza njia, akasimama na sanduku lake kwenye kituo cha mwanzo wa laini ya tramu ya mama yake. Tramu kadhaa zikapita na madereva wengine. Kisha ikaja moja, ndefu, na nyuma ya kioo cha mbele akamwona mama yake, sare ya buluu, miwani, nywele zimebanwa nyuma, macho barabarani. Hakumwona binti yake. Nesi akapanda kwa mlango wa nyuma kama abiria yeyote. Akakaa karibu na bibi mmoja aliyebeba maua na wanafunzi waliokuwa wakitaniana. Wote walikuwa wakipelekwa na mama yake, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na haja ya kujua ametoka wapi.

"Kuna mwanamke alikuwa anakimbia na mtoto," nesi akasema. "Tramu ilikuwa tayari kuondoka. Mama akangoja."

Akasafiri hadi mwisho wa laini. Watu wote wakashuka, yeye akabaki kwenye kiti. Mama akatoka kwenye chumba cha dereva na mkoba wake begani, akaja akikagua viti, na akiwa bado mbali kidogo akasema, kwa Kijerumani kilichonyooka, kwa sauti ya mtu aliye kazini, kwamba hapa ndipo mwisho na kila abiria anaombwa kushuka.

"Halafu?" akauliza mmoja wa Wafilipino.

"Halafu akaniona," nesi akasema. "Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akaniambia nikae. Dakika chache tu, akasema, kisha tunarudi mjini."

Nikawasha gari. Nilitazama vioo vyote, nikangoja kila mtu akae vizuri, nikaondoka taratibu.